Maji ya Mzazi

Wauguzi wenzangu mliobaki zahanati, mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, nami nasahau haraka siku hizi. Habari za kupandishwa cheo sitaziandika, maana nilipandishwa mara mbili tu na mara zote mbili barua ilichelewa kufika. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya kahawa. Msicheke. Nimefanya kazi zahanati moja upande wa Msambweni miaka thelathini na kitu, nimezalisha wanawake ambao mama zao nao niliwazalisha, nimeshona nyayo zilizokatwa na matumbawe, nimetoa kokwa za ukwaju puani mwa watoto. Lakini jambo lililonishtua kuliko yote lilitoka ndani ya kikombe.

Mimi ni Mduruma wa Samburu, kule kwenye barabara kuu ya malori. Kwetu chai ni maziwa ya ng'ombe yaliyoonyeshwa majani kidogo, basi. Kahawa tuliiona kwa madereva. Nilipoletwa pwani kuanza kazi, siku yangu ya kwanza ilikuwa ya pili ya Ramadhani, na saa nne asubuhi benchi lilikuwa limejaa wanaume, kila mmoja amejishika kichwa. Wavuvi, mafundi, mwalimu wa madrasa mmoja. Nikapima joto, hakuna homa. Nikachukua damu ya malaria, hakuna malaria. Nikainamisha shingo zao mmoja mmoja, maana chuoni tulifundishwa kuogopa homa ya uti wa mgongo, na wale wazee wa watu wakakubali kuinamishwa shingo na msichana wa juzi. Nilipofika kwa mtu wa kumi na moja nilikuwa nishaanza kuandika barua ya kutangaza mlipuko wa maradhi.

Akaingia Bi Tima, muuguzi mkuu, mwanamke wa Kidigo mfupi mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Akaisoma barua yangu, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akapita benchini.

"Baba, shikamoo. Siku za kula, kahawa unakunywa vikombe vingapi?"

"Marahaba. Ah, vichache tu. Kumi. Kumi na viwili siku za Ijumaa."

Wote wakawa hivyo hivyo. Akawaambia wakapumzike kivulini, wafuturu, wanywe kikombe kimoja baada ya futari, na mwakani waanze kupunguza tangu Shaabani. Wakaenda zao wakiniangalia kwa huruma.

Mchana akanifundisha ndani ya chumba cha dawa, huku akihesabu chupa. Alisema mwili ukifanya kazi hutoa kitu cha uchovu, na kitu hicho hupanda kwenye ubongo kutafuta kiti cha kuketi. Kafeini hukiwahi kile kiti. Mtu hudhani amepata nguvu, kumbe hajapata chochote, ila uchovu umekosa pa kuketi na uko mlangoni umesimama. Ubongo nao si mjinga, ukiona hivyo kila siku huongeza viti, ndiyo maana aliyeanza na vikombe viwili hufika kumi. Siku kahawa isipokuja, uchovu wote huingia pamoja na kuketi, na mishipa ya kichwani iliyokuwa imezoea kubanwa hutanuka. Hapo ndipo kichwa kinapopasuka. Siku tatu, nne, kisha hutulia chenyewe.

"Na moyo?" nikamwuliza.

"Moyo hukimbizwa. Mikono hutetemeka, tumbo huwaka moto, mkojo hauishi, usingizi huhama nyumba. Lakini mtu mzima akilala na kuamka, kafeini nyingi imeshatoka mwilini."

Nilimpenda mwanamke yule. Alinipa saa yake ya kubandika kifuani, ile yenye mkono wa sekunde, nikaitumia hadi nikastaafu. Alinifundisha kusoma ukucha, ulimi na mwendo wa mtu anayeingia mlangoni. Na ndiye aliyenifundisha kosa langu kubwa. Kulikuwa na fomu yenye maswali ya sigara, pombe, miraa, kahawa. Nilipomwuliza mama mmoja wa Waa aliyekuja kwa dada yake kama anakunywa kahawa, yule mama akavuta buibui na kununa. Bi Tima akaniita pembeni.

"Mbeyu, wanawake wa huku usiwaulize hivyo. Kahawa ni ya wanaume barazani. Utaonekana huna adabu. Waandikie tu hanywi."

Nikaandika hanywi. Miaka thelathini, wanawake maelfu, hanywi, hanywi, hanywi. Ningeweza kutengenezewa muhuri.

Onyo nililipata, nisiseme sikulipata. Miaka ya mwisho mwisho alikuja dereva wa bodaboda kutoka Ukunda, mtu wa bara mwenye watoto wawili, kaleta abiria. Abiria akaingia ndani, yeye akabaki mlangoni rangi imemtoka.

"Sista, moyo yangu inaruka aje. Nadhani nakufa."

Nikashika kifundo cha mkono, nikatazama saa. Mapigo mia moja na arobaini, na mtu kaketi!

"Unakunywa kahawa?"

"Zi, mimi sinywangi kahawa hata."

"Chai?"

"Ya asubuhi tu na mandazi."

Nikaandika hanywi. Nikaanza kumtayarishia safari ya kwenda hospitali kubwa. Naye, maskini, akasema ana kiu, akatoa mkebe ndani ya jaketi akaufungua mbele yangu.

"Hiyo ni nini?"

"Hii ni ya nguvu tu, sista. Ya kukaa macho. Hii ni ya nne leo."

Lahaula! Nikamnyang'anya. Nikavaa miwani, nikasoma yale maandishi madogo ya ubavuni. Kafeini, imeandikwa wazi. Nikamlaza kwenye kitanda cha zahanati hadi alasiri, nikimnywesha maji na kumgombeza kwa zamu, mpaka moyo ukashuka. Alikuwa amenijibu kweli tupu. Nilimwuliza kahawa, na ule mkebe haukuwa kahawa. Nikawasimulia wenzangu kama kichekesho, tukacheka, na ile fomu nikaendelea kuijaza vile vile.

Sasa niwaeleze habari ya Mwanakombo.

Mwanakombo alikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, mwembamba, mpole, mwenye adabu ya kunishika mkono na kuubusu kila akija kliniki. Alijifungua kwetu salama, mtoto wa kike, akaitwa Riziki. Aliishi kwa mama mkwe wake, Bi Saumu, maana mume wake alikuwa baharia na yuko mbali. Nyumba ilikuwa safi na yenye heshima. Siku ya kumi na mbili wakaniletea mtoto.

"Halali," akasema Bi Saumu. "Sista, naapa, mtoto huyu halali. Anasinzia dakika tano, anashtuka. Usiku kucha macho kodo."

Watoto wasiolala nimewaona wengi, na bibi wanaotia chumvi nimewaona wengi zaidi. Lakini nilipomfunua yule mtoto niliinama karibu. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Kidevu kilitetemeka. Nilipogusa mguu tu, aliruka mwili mzima. Moyo ulikwenda mbio hata sikuweza kuuhesabu, nikahesabu mara tatu na kila mara nikapata namba nyingine. Nikaogopa maradhi ya damu, nikaogopa degedege. Nikawapeleka hospitali kubwa siku ile ile. Mwanakombo alikuwa akilalamika kichwa tangu ajifungue, na zahanati dawa ya maumivu ilikuwa imekwisha, basi nikafungua mkoba wangu mwenyewe nikampa pakiti ya tembe zangu za kichwa. Nilijiona mwema sana.

Kule walimtoa damu, wakampiga sindano ya mgongoni kuchukua maji ya uti. Mtoto wa siku kumi na mbili! Hawakuona kitu. Walimpa dawa za kuua vijidudu siku tano, wakamrudisha nyumbani vile vile alivyokwenda, anatetemeka.

Siku ya kumi na tisa Bi Saumu akaja peke yake. Hakuketi.

"Nimekuja kukuambia kwa heshima, sista. Ni maziwa. Maziwa ya mke wa mwanangu yana kitu. Mtoto akinyonya ndipo anapochachawa. Nimepata mbuzi. Kesho kutwa namwachisha."

Nilipanda juu kama moto wa makuti. Nimewazika watoto walioachishwa ziwa wakapewa maziwa ya mbuzi na uji mwepesi, tumbo la kuhara likawamaliza ndani ya wiki. Nikamwambia mbele ya watu benchini kwamba maziwa ya mama hayana ubaya wowote, kwamba hayo ni mambo ya kijinga, kwamba mtoto akifa shauri yake. Bi Saumu akafunga leso yake vizuri, akatoka. Nililala vibaya usiku ule kwa maneno yangu, na asubuhi nikafunga safari kwenda kwake kuomba radhi na kumwokoa yule mtoto na mbuzi, nikijua nina siku moja tu.

Wakanipokea vizuri, afadhali wangenifukuza nikasikia nafuu. Mwanakombo alikuwa kitandani, hajatimiza arubaini, na mnajua mzazi wa huku hatoki nje ila kwenda hospitali, na wala hapewi cha baridi. Mtoto alikuwa kifuani, macho wazi. Pembeni ya kitanda palikuwa na chupa kubwa ya chai na kikombe.

"Karibu maji ya mzazi, sista," akasema Bi Saumu, akanimiminia.

Yalikuwa meusi, matamu, yenye tangawizi na pilipili manga ya kuchoma koo. Mazuri, wallahi. Nikanywa kikombe, nikaongezewa. Tukaongea. Nikaomba radhi, akaipokea nusu. Nikamwuliza Mwanakombo maswali yote upya, pole pole.

"Chai unakunywa mara ngapi, mwanangu?"

"Mara moja tu, sista. Asubuhi, na mkate."

"Na mikebe ya nguvu?"

"Mikebe gani?"

Swali la kahawa nikalimeza kwa adabu. Nikamchukua mtoto nimpime moyo. Nikaitazama saa ya Bi Tima kifuani, na ile saa ilikuwa ikicheza. Nikadhani imelegea pini. Kumbe ni mimi! Vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka pamoja na vya mtoto, na moyo wangu, wa mwanamke aliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe, ulikuwa ukipiga hodi mbavuni.

"Bi Saumu," nikasema, "humu mnatia nini?"

"Tangawizi, pilipili manga, karafuu, mdalasini, sukari guru."

"Na mnachemshia nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ah, ya babu."

Babu ni Mzee Hamisi, mume wake. Mzee Hamisi ni muuza kahawa. Miaka arobaini anapita barazani na mdila wake, lile birika la shaba, na vikombe vyake, na kila jioni hurudi nyumbani na kahawa iliyobaki pamoja na machicha yake. Kutupa ni israfu. Bi Saumu huyachemsha tena yote, hutia viungo, hutia chupani.

"Mama yangu," nikasema, "hiyo ni kahawa."

"Kahawa ni ya barazani," akanijibu kwa upole, kama anamweleza mgeni. "Haya ni maji ya mzazi."

"Anakunywa kiasi gani?"

"Chupa mbili. Akimaliza mapema namwongezea. Nataka maziwa yajae."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Chupa mbili! Mtu mzima huitoa nusu ya kafeini kwa saa chache, lakini ini la mtoto mchanga bado halijajifunza kazi hiyo, tone la leo linamkuta la juzi bado lipo, na la kesho linakuja juu yake. Kidogo kidogo kinachopita kwenye maziwa kilikuwa kimejazana ndani ya kile kiumbe kwa wiki tatu. Tumemdunga sindano ya uti wa mgongo kwa sababu ya kahawa. Na fomu ya mama yake ilikuwa kabatini kwetu, kwa mwandiko wangu mzuri: hanywi.

Ikanibidi nimwambie Bi Saumu jambo gumu kuliko kuomba radhi.

"Ulisema kweli. Maziwa yana kitu."

Akainua mikono. "Si nilikuambia! Mbele ya watu ukanivunjia heshima!"

"Ulisema kweli. Na kitu chenyewe kinatoka kwenye chupa hii."

Mikono ikashuka taratibu. Alinitazama, akaitazama chupa, akamtazama mtoto. Sijawahi kuona uso ukibadilika namna ile.

"Mimi nimemnywesha mjukuu wangu kahawa?"

"Hukujua, mama."

"Wangu saba nimewalea kwa maji haya haya."

"Walikuwa wakilala?"

"Hamisi alihamia barazani," akasema. Kisha akaanza kulia, na Mwanakombo akaanza kulia, na Riziki alikuwa akilia tangu mwanzo.

Lakini Bi Saumu si mtu wa kuyumbishwa na machozi, hata yake. Alikubali siku saba. Mtoto abaki ziwani, mzazi anywe maji ya moto yenye tangawizi mbichi na viungo, bila ya babu. Siku ya saba asubuhi mtoto akiwa bado halali, mbuzi anaingia kazini. Mbuzi alikuwa amefungwa uani, nilimwona. Nikasema sawa.

Siku ya tatu nikapita. Mwanakombo alikuwa amejifunga leso kichwani, anaugua, na hilo nililitarajia, viti vya uchovu vilikuwa vimejaa wageni. Mtoto vile vile, anatetemeka, macho kodo. Nikashangaa, nilitegemea dalili ndogo angalau. Nikamwambia Mwanakombo avumilie, kichwa kitatulia.

"Nashukuru Mungu zile tembe zako zinanisaidia, sista. Mama ameninunulia nyingine dukani. Nameza mbili asubuhi, mbili mchana, mbili jioni."

Akanionyesha pakiti. Nikavaa miwani. Nilizimeza tembe zile miaka na miaka bila ya kugeuza pakiti hata siku moja. Dawa ya maumivu, kisha dawa ya pili ambayo wala haimfai anayenyonyesha, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kafeini.

"Nani alikwambia umeze hizi?" nikauliza, sauti kali, kama kwamba sijui.

"Wewe, sista," akasema yule binti kwa adabu.

Ya Allah! Niliona aibu ambayo sijapata kuiona kabla wala baada. Bi Saumu alimpa bila kujua kusoma pakiti. Mimi nilikuwa na cheti ukutani. Nikamwita, nikamweleza yote bila kuficha, kwamba kahawa imetoka chupani mwake na nyingine imetoka mkobani mwangu, na nikamwomba siku saba zianze upya. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaenda akanimiminia kikombe cha tangawizi tupu, akaniwekea mbele.

"Siku ni zile zile," akasema. "Zimebaki nne. Mtoto anaisha, sista, mtazame mbavu."

Nilimtazama mbavu. Hakusema uongo. Nikampa Mwanakombo dawa ya maumivu isiyochanganywa na kitu, nikarudi kazini, na siku nne zile sikumbuki nilimhudumia nani. Nakumbuka tu kwamba nilitoa fomu zote kabatini na kuanza kuuliza upya kila mama aliyeingia: asubuhi umekunywa nini, mchana nini, nani kapika, kachemshia nini, umemeza nini, nioneshe pakiti. Walinuna. Wakajibu. Mambo niliyoyasikia wiki ile yalinifumbua macho, nanyi ulizeni hivyo hivyo, na aliyenuna mwacheni anune.

Siku ya saba, kabla sijafungua chumba cha dawa, nikasikia ukelele barabarani. Watu benchini wakasimama. Alikuwa Mwanakombo, peku, hana buibui, mzazi wa siku ishirini na saba katoka nje mchana kweupe, kambeba mtoto mikononi, na kichwa cha mtoto kinaning'inia. Nyuma yake Bi Saumu, leso imemdondoka, anakimbia na umri wake wote.

"Amekufa! Sista, amekufa! Tumemwamsha haamki!"

Nilimpokonya. Alikuwa mzito, amelegea, mkono ukaanguka pembeni kama wa mwanasesere. Nikasema moyoni, ni tembe zangu. Nikamlaza mezani juu ya madaftari, nikaweka kipimo kifuani, masikio yangu yakivuma hata sisikii. Nikafumba macho. Nikasikia. Taratibu, sawasawa, moyo wa mtoto mchanga asiye na haraka yoyote. Nikatazama saa, nikahesabu dakika nzima, na mkono wa mtoto juu ya daftari haukutetemeka hata kidogo. Nikamgusa mguu. Akaguna, akakunja midomo kama ananyonya, akaendelea.

Nikavua kipimo masikioni.

"Amelala."

"Haiwezekani," akasema Mwanakombo.

"Amelala, mwanangu. Amelala tu."

Bi Saumu akaketi chini sakafuni pale pale aliposimama, akawageukia watu wa benchini waliokuwa bado wanapiga kelele, na kwa sauti ya chini ya kutisha akawaambia atakayemwamsha mjukuu wake atamjua. Zahanati nzima ikanyamaza. Mwanakombo akamshika mtoto shavu kwa kidole kimoja, akamtazama muda mrefu, kisha akaninyanyulia uso wake mkavu wenye macho mekundu, wa mtu ambaye hajafumba jicho siku ishirini na saba.

"Kwa hivyo, sista," akaninong'oneza, "nami nilale?"